Blogu ya Mwandishi: Mwongozo Kamili wa Kuwafikia Wasomaji Ukiwa Uganda

Waandishi wanaoniletea miswada yao hapa Kampala huniletea pia lalamiko moja ambalo nimelisikia mara nyingi mno: "Nilifungua blogu, nikaandika mara tatu, hakuna aliyesoma, nikaacha." Nikiifungua blogu yenyewe, karibu kila mara nakuta mambo yale yale. Chapisho la kwanza linawakaribisha wasomaji ambao bado hawapo, la pili linatangaza kitabu, la tatu linaomba radhi kwa kukaa kimya. Mwandishi ana kipaji, na wasomaji wapo, lakini blogu imetumiwa kama ubao wa matangazo, na hakuna mtu anayerudi kila wiki kusoma ubao wa matangazo.

Fuata hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake. Hatua ya kwanza na ya nne ndizo zinazowashinda wengi, kwa hiyo nimezieleza kwa urefu. Nyingine ni nyepesi zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu janja au kompyuta, pamoja na bando la intaneti la kukutosha mwezi mzima. Kublogu kwa simu peke yake kunawezekana kabisa.
- Anwani mpya ya barua pepe itakayotumika kwa kazi ya uandishi tu.
- Laini ya simu ya biashara, tofauti na ile ya familia, iliyosajiliwa MTN MoMo au Airtel Money.
- Picha safi ya jalada la kitabu chako, na picha yako moja iliyopigwa mchana kwenye mwanga wa kutosha. Kama kitabu bado ni mswada, jalada litasubiri.
- Daftari la karatasi. Mawazo ya machapisho huja ndani ya teksi au kwenye foleni, na yasipoandikwa hapo hapo hupotea.
- Saa tatu kila wiki, siku ile ile, bila kukosa.

Fedha za kulipia tovuti hazimo katika orodha hii kwa makusudi. Usilipie chochote kabla ya kumaliza miezi mitatu ya kuandika bila kukatiza, kwa sababu wengi hulipa kwanza halafu huacha.

## Hatua ya 1: Mjue msomaji mmoja, kisha uchague uwanja

Chukua daftari uandike majina ya watu watatu unaowafahamu kwa sura ambao wangenunua kitabu chako kwa fedha zao wenyewe. Usiandike "vijana wa Afrika Mashariki" wala "wapenzi wa fasihi", kwa kuwa huwezi kumwandikia mtu usiyeweza kumwona akisoma. Chini ya kila jina andika mambo matatu: anafanya kazi gani, anasoma saa ngapi, na ni swali gani linalomsumbua ambalo wewe, kwa sababu ya kitabu chako, unaweza kulijibu.

Swali hilo la mwisho ndilo litakalokupa uwanja wa blogu. Uwanja ni ardhi ambayo kitabu kimesimama juu yake. Mtu aliyeandika riwaya ya wavuvi wa Ziwa Viktoria ana uwanja mpana: maisha ya mwaloni (ufuoni zinakofikia mashua za wavuvi), biashara ya mukene (dagaa), lugha ya mabaharia wa ziwani, imani zinazohusu maji, wanawake wanaoanika samaki. Akiiandika riwaya yenyewe tu kwenye blogu, ataishiwa maneno baada ya wiki mbili; akiuandika uwanja, hataishiwa kwa miaka mitano.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili nchini Uganda tuna msomaji mmoja ambaye waandishi wengi wanampita bila kumwona, naye ni mwalimu wa Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliliweka somo hili kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu aliye Lira au Kasese anahitaji matini fupi, sahihi, zenye mazingira ambayo mwanafunzi wake anayatambua, na vitabu vingi anavyovipata vinazungumzia Mombasa na Dar es Salaam. Hadithi yako ya maneno 700 inayotokea kwenye soko la Owino, ikiwa na msamiati mgumu ulioelezwa mwishoni, ni chombo cha kazi kwake. Ataitumia darasani, atamtumia mwalimu mwenzake, na siku shule itakapotafuta vitabu vya maktaba jina lako litakuwa linafahamika.

Ziko hatari mbili hapa. Ya kwanza ni kuchagua uwanja kwa sababu tu unavuma, ilhali huupendi, nao utakuchosha kabla ya mwezi kwisha. Ya pili ni kuchanganya lugha ovyo. Ukiamua blogu ni ya Kiswahili, iwe ya Kiswahili, ili wasomaji wa Kenya, Tanzania na Kongo nao waweze kukufuata bila kukwama kila baada ya aya mbili.

Umefaulu ikiwa unaweza kumaliza sentensi hii bila kusita: "Blogu yangu inamsaidia fulani kujua jambo fulani." Ikikushinda, usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Fungua blogu

Hatua hii isikuchukue zaidi ya saa moja. Chaguo mbili za bure zinazotosha ni Blogger na WordPress.com. Blogger ni nyepesi na rahisi, lakini iliondoa mwaka 2021 huduma yake ya kuwatumia wasomaji machapisho kwa barua pepe. WordPress.com inayo huduma hiyo ndani yake, ingawa kwa mpango wa bure huweka matangazo yake kwenye kurasa zako. Mimi huwashauri waandishi wachague WordPress.com, kwa sababu ambayo utaiona katika hatua ya 6.

Ipe blogu jina lako la uandishi. Jina la kitabu halifai, kwa kuwa utaandika kitabu cha pili na cha tatu, na msomaji aliyekuzoea hapaswi kuhamishwa kila mara. Katika mipangilio chagua Kiswahili kuwa lugha ya tovuti. Weka nenosiri refu na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la kisheria lisilopaswa kupuuzwa. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliwataka wanaochapisha maudhui mtandaoni wajisajili kwake, kwa matangazo iliyoyatoa mwaka 2018 na 2020. Ulizia ofisini kwao Bugolobi ni masharti gani yanayohusu blogu ya aina yako, na uhifadhi jibu lao kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Tengeneza kurasa tatu za kudumu

Kurasa hizi ni tofauti na machapisho, kwa sababu hukaa juu ya blogu siku zote.

Kuhusu. Aya mbili zinatosha: wewe ni nani, unaandika nini, na msomaji atapata nini hapa. Shahada zako zitaje tu kama zinahusiana na uwanja wako.

Vitabu. Weka jalada, maelezo ya aya moja, bei kwa shilingi, namba ya ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu), na maelekezo kamili ya kununua. Hapa ndipo mauzo mengi hufia. "Wasiliana nami kwa maelezo zaidi" ni mlango uliofungwa. Andika hivi: bei ya kitabu ni kiasi gani, nauli ya kukituma ni kiasi gani, fedha zitumwe kwenye namba gani na zitaonyesha jina gani, kitabu kitatumwa siku gani za wiki, na mnunuzi wa Gulu au Mbarara atakichukua kwenye ofisi ya vifurushi ya kampuni gani ya mabasi. Kama huna ISBN, iombe Maktaba ya Taifa ya Uganda, Kampala, kabla mswada haujafika kwa wapiga chapa wa Barabara ya Nasser, kwa kuwa namba hiyo inapaswa kuchapwa ndani ya kitabu na kwenye jalada la nyuma.

Mawasiliano. Barua pepe ya kazi na laini ya biashara tu. Usiandike mahali unapoishi.

Mpe jirani yako simu, umwambie ajaribu kununua kitabu bila kukuuliza swali lolote. Akiuliza hata moja, jibu lake linakosekana kwenye ukurasa, liongeze.

## Hatua ya 4: Andika machapisho matano kabla ya kumwambia mtu yeyote

Ninajua hamu ya kutangaza blogu siku ile ile inapofunguliwa. Izuie. Msomaji anayefika na kukuta chapisho moja atalisoma na kuondoka. Anayekuta matano anaweza kukaa nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo inayomfanya alikumbuke jina lako. Tena, machapisho matano ya kwanza yatakuonyesha kama uwanja uliouchagua unakubeba.

Kila chapisho liwe na maneno kati ya 600 na 900, na lizungumzie jambo moja. Hebu tuangalie mwanzo wa chapisho la mwandishi wa riwaya ya wavuvi, kama lilivyonijia mara ya kwanza:

"Habari za leo wasomaji wangu wapendwa. Leo ningependa kuzungumzia kuhusu maisha ya wavuvi. Kama tunavyojua, uvuvi ni shughuli muhimu sana katika nchi yetu na huwapatia watu wengi riziki."

Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini hakuna kinachoonekana pia. Nilimwomba afute aya yote, afumbe macho, aniambie alichokiona siku ya mwisho alipokwenda mwaloni. Akaandika:

"Saa kumi na moja alfajiri, kabla mashua ya kwanza haijagusa mchanga wa Kasenyi, akina mama wamekwisha kutandaza nyavu za kuanikia mukene. Mmoja anasukuma mawe kwa unyayo ili kushikiza pembe za wavu, mikono yake ikiwa bado ndani ya shuka kwa baridi."

Mwandishi ni yule yule, na mada ni ile ile. Katika aya ya pili msomaji anaona unyayo na jiwe, naye ataendelea kusoma ili ajue mashua zitaleta nini. Anza kila chapisho kwa kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachonusika, kisha ndipo uingize maelezo. Salamu ziachie barua.

Kwa machapisho matano ya kwanza, mchanganyiko huu umewafaa wengi niliowasimamia: machapisho mawili ya uwanja wako, hadithi fupi moja iliyokamilika, maelezo ya neno au msemo mmoja unaotatanisha watu, na dondoo moja ya kitabu pamoja na hadithi ya jinsi ulivyoiandika. Mwishoni mwa kila chapisho mwombe msomaji jambo moja tu. Ukimwambia ajisajili, anunue kitabu, atoe maoni na amtumie rafiki kwa pamoja, hatafanya hata moja.

Maonyo ya hatua hii yamewagharimu watu kazi zao, kwa hiyo yasome polepole. Usiweke kwenye blogu hadithi unayokusudia kuipeleka kwenye jarida au shindano, kwani mengi kati ya hayo huhesabu kazi iliyowekwa mtandaoni kuwa imekwisha kuchapishwa na huikataa. Kama kitabu chako cha kielektroniki kiko Amazon chini ya mpango wa KDP Select, umekubali kutokiweka mahali pengine popote kidijitali, na unachoruhusiwa kuonyesha ni sampuli isiyozidi asilimia 10. Kama una mchapishaji, soma mkataba wako kabla ya kutoa hata ukurasa mmoja. Na picha usizichukue kutoka mtandaoni kana kwamba hazina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mpiga picha kama inavyokulinda wewe. Piga zako.

Ishara ya kufaulu ni hii: msomee mtu aya ya kwanza kwa sauti, kisha unyamaze. Akikuuliza "halafu?", chapisho liko tayari. Kampala wako waandishi wanaosomeana kazi, mfano mzuri ukiwa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa mwaka 1996 na chenye makao Kamwokya. Sikio la mwandishi mwenzako litakuonyesha mapema pale msomaji atakapochoka.

## Hatua ya 5: Ufanye ukurasa uwe mwepesi

Msomaji wako anakusoma kwa simu, na kila anachokifungua kinamla bando. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo picha nzito ni gharama unayomtwisha mgeni wako. Punguza kila picha mpaka iwe chini ya kilobaiti 100. Programu za bure za kupunguza picha ziko nyingi. Picha moja kwa chapisho inatosha. Achana na video zinazojiwasha zenyewe na mapambo yanayochezacheza.

Andika aya fupi, za sentensi tatu au nne, kwa kuwa aya ndefu kwenye kioo cha simu huonekana kama ukuta. Kisha fungua blogu yako kwa simu ya bei nafuu kuliko yako, ukiwa mahali penye mtandao dhaifu. Kama maneno yanaonekana kabla ya kuhesabu hadi tano, umefaulu.

## Hatua ya 6: Kusanya anwani za wasomaji

Hii ndiyo sababu hasa ya mwandishi kuwa na blogu. Januari 2021 Facebook ilifungwa nchini mwetu wakati wa uchaguzi, na waandishi waliokuwa na wafuasi wao wote huko waliamka wakiwa hawana njia ya kuzungumza nao bila VPN (programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao). Wafuasi wa mtandao wa kijamii wanashikwa na mwenye mtandao. Orodha ya anwani unaishika wewe, na hakuna anayeweza kuifunga kwa amri ya usiku mmoja.

Kwenye WordPress.com weka kisanduku cha kujisajili mwishoni mwa kila chapisho, na kwenye ukurasa wa Kuhusu. Kama uko Blogger, tengeneza fomu ya Google yenye nafasi mbili tu, jina na barua pepe, na uweke kiungo chake. Mpe msomaji sababu ya kujisajili: hadithi moja ambayo haipatikani kwingine, au orodha ya maneno 50 ya uwanja wako pamoja na maana zake. Mwalimu atajisajili kwa ajili ya orodha hiyo kabla hujamaliza kueleza.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kabla hujakusanya na kutumia taarifa zake. Usichukue namba za kikundi cha kanisa au cha shule ukaziingiza kwenye orodha yako. Andika waziwazi utamtumia nini na mara ngapi, na kila barua iwe na njia ya kujiondoa. Ukituma kwa Gmail ya kawaida, weka anwani zote katika sehemu ya Bcc ili wasomaji wasione anwani za wenzao, na kumbuka kwamba kikomo ni wapokeaji 500 kwa siku.

Kwa wasiotumia barua pepe, tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo hubeba watu 256. Ujumbe wake humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu, kwa hiyo mwombe kila anayejiunga aihifadhi kwanza. Wengi hulalamika kwamba "WhatsApp haifanyi kazi" ilhali hili ndilo tatizo lao.

Wasomaji 30 waliojisajili kwa hiari yao katika miezi mitatu ya kwanza ni mwanzo mwema. Usione ni wachache: hao 30 watafungua barua yako.

## Hatua ya 7: Lipeleke chapisho kwa watu

Kiungo kitupu chenye maneno "someni blogu yangu mpya" hakifunguliwi. Chukua sentensi moja bora kabisa kutoka ndani ya chapisho, iweke juu, kisha kiungo chini yake. Sentensi ya unyayo na jiwe ingefanya kazi hiyo vizuri.

Tuma kwanza kwa wale watatu wa hatua ya 1, mmoja mmoja, ukiwataja kwa majina na kuwaambia kwa nini umewafikiria wao. Baada ya hapo nenda kwenye vikundi ambako unafahamika, na usitume zaidi ya mara moja kwa wiki. Kama unawaandikia walimu, tuma wiki moja kabla ya muhula kuanza, wanapoandaa masomo. Katikati ya mitihani hakuna atakayekujibu.

Tembelea pia blogu za waandishi wengine, usome kweli, na uache maoni yanayoonyesha kwamba umesoma. Wanaotembeleana ndio wanaopelekeana wasomaji.

Msomaji akikuandikia, mjibu siku hiyo au kesho yake. Swali lake huenda likawa chapisho lako lijalo, na yeye atakuwa wa kwanza kulisambaza.

## Hatua ya 8: Pima kidogo, hifadhi nakala daima

Mara moja kwa mwezi, andika daftarini namba tatu: wangapi wamejisajili, wangapi wamekuandikia, na vitabu vingapi vimeuzwa kwa mtu aliyesema amekujua kupitia blogu. Idadi ya waliotazama ukurasa iache. Hupanda na kushuka bila kukuambia lolote la kufanya.

Kuhusu nakala, nasema kwa uchungu wa mtu aliyepoteza. Blogu yangu ya kwanza ilikuwa kwa kampuni ndogo niliyoilipa kila mwaka. Siku moja ikafunga shughuli zake bila taarifa, na machapisho 40 yakaenda nayo, pamoja na maoni ya wasomaji ambayo sikuwa nimeyanakili popote. Machapisho niliweza kuyaandika tena baadhi. Maoni hayakurudi, na mle ndani kulikuwa na barua ya mzee mmoja wa Arua aliyenisahihisha majina ya mitego ya samaki, moja baada ya moja.

Kwa hiyo, kila tarehe 1 ya mwezi ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuhamisha maudhui, na upakue faili ya blogu nzima. Pakua na orodha ya anwani. Weka nakala moja kwenye kompyuta au simu, na nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Machapisho yenyewe yaandike kwanza kwenye programu ya kawaida ya kuandikia, ndipo uyabandike kwenye blogu, ili kila moja liwe na asili yake mikononi mwako.

Kisha ujipime hivi: zima data kwenye simu yako, na ujaribu kufungua chapisho lako la kwanza kabisa pamoja na maoni yaliyoachwa chini yake. Likifunguka, kazi ya mwezi huo imekamilika.